Kovu Nililomfutia Mtoto wa Watu

Kama uliwahi kupiga picha Kasulu mjini kati ya mwaka 2012 na 2015, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulivaa koti langu. Lilikuwa koti moja jeusi la mtumba, bega moja juu kuliko jingine, na nadhani limevaliwa na nusu ya wilaya. Mtu alikuwa anaingia studio na kandambili na fulana ya tangazo la chandarua. Namvalisha lile koti, namvika tai ambayo ilifungwa siku niliyoinunua na haikufunguliwa tena, namsimamisha mbele ya pazia lenye ghorofa, gari jekundu na ndege ambaye fundi aliyemchora aliniapia kuwa ni tausi. Baada ya dakika tano anatoka kwenye picha akiwa meneja wa benki. Wengine wakishaiona picha yao walikuwa wanabadilika hata mwendo.

Kazi hiyo ina sheria zake, na sikuzitunga mimi, walizitunga wateja. Huku kwetu milimani mtu hachekei kamera. Akicheka ataonekana hana majukumu, na asiye na majukumu nani atamheshimu? Halafu picha lazima ionyeshe viatu. Siku moja mzee mmoja kutoka Kagerankanda alirudi na picha yake niliyoikatia kifuani, akaiweka mezani kwa upole kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikuja hapa na miguu miwili. Umeipeleka wapi?" Nikampiga tena bure, na safari hiyo nikamwongezea na ardhi kidogo chini ya viatu.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba sura iwe safi. Vaselini kabla ya picha, kompyuta baada ya picha. Chunusi nilizofuta kwenye kompyuta ile zingejaza gunia la mahindi. Nimefuta mapunye, nimefuta makovu ya ndui, nimefuta alama za ugomvi wa kilabuni, na mama mmoja alinitaka nimfutie mume aliyesimama pembeni yake. Nikamfuta, na pale alipokuwa nikaweka chungu cha maua. Sifa zangu zilifika Kibondo na Kakonko. Watu walikuwa wanasema: nenda kwa yule, utatoka kama umezaliwa jana.

Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi wakikimbia vurugu kwao, mji wetu ulibadilika ndani ya wiki moja. Magari meupe yenye antena ndefu yaliongezeka mpaka nikadhani yanataga mayai. Siku moja akaingia studio dada mmoja wa shirika lililokuwa linashughulika na watoto waliopotezana na wazazi wao. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho tu. Lakini alikaa muda mrefu akiangalia picha zangu ukutani, kisha akasema, "Kaka, kamera yetu imelowa mvua imekufa. Nyingine inasubiri sahihi za watu saba. Huwezi kuja kutupigia picha watoto wetu kule kambini Nyarugusu? Ila hatuna fungu. Itabidi ujitolee."

Sasa mimi cheti changu cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto wawili, na mtu aliyesoma kwa taabu hiyo hukaa tayari kutoa hotuba hata akiombwa chumvi. Nikainuka kwenye kiti. Nikasema kwamba taaluma isiyoihudumia jamii ni sawa na taa iliyofunikwa ndoo, kwamba ubinadamu hauna mpaka, na kwamba kamera yangu kuanzia leo ni mali ya watoto wale. Nilikuwa bado naendelea wakati mke wangu, aliyekuwa kwenye kona anakata picha za pasipoti kwa mkasi, alipozungumza bila kuinua kichwa.

"Kujitolea? Huyu? Dada yangu, huyu nikimwomba atoe ndoo nje anaulizia posho."

"Mke wangu anatania," nikamwambia yule dada.

"Sitanii," mke wangu akasema.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mtoto aliyekuwa peke yake apigwe picha, ipewe namba, kisha ibandikwe kwenye mbao mbili: moja kule Nyarugusu, na nyingine Nduta, upande wa Kibondo, kambi iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa tena. Wazazi wapite, waangalie, anayemjua wake aseme. Majina peke yake yalikuwa hayasaidii. Yule dada alinieleza kwamba mtoto anataja jina analoitwa nyumbani, mama yake huko aliko ameandikisha la ubatizo, na karatasi mbili hizo zinaweza kulala kwenye makabati mawili mpaka mtoto aote ndevu. "Sura ndiyo haibadiliki," akasema.

Maskini dada wa watu. Alikuwa hajanijua.

Siku ya kwanza nilifika Nyarugusu na pazia langu, koti, tai, kopo la vaselini, poda na gauni moja jeupe la mtoto lenye kola ya kamba za kufuma, ambalo studio lilikuwa linawangoja watoto wa kipaimara. Nilipewa kivuli cha turubai na msaidizi, mama mmoja Mkongomani aliyeishi kambini miaka mingi, mnene, mcheshi, mwenye daftari la namba na ulimi usiolala. Mtoto wa kwanza akaletwa. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na shati lililobaki na kifungo kimoja cha kuaga. Nikaweka jicho kwenye kamera. Nikalitoa. Nikasema hapana, siwezi. Huyu anatafuta wazazi, mimi nimpige hivi kama kapatikana mtaroni? Nikachovya kidole kwenye vaselini.

Mchana mzima tulikuwa tunapaka, tunachana, tunavalisha, tunavua, tunamvalisha anayefuata. Wavulana koti, lililowafika magotini, ila mmoja aliyegoma kabisa. Wasichana wote gauni. "Kidevu juu! Usicheke! Mikono chini!" Ghorofa nyuma yao, na tausi. Yule mama Mkongomani alikuwa anaandika namba huku anatikisa kichwa.

"Papa foto," akaniita, "mi nakuuliza. Hawa batoto banaenda kutafuta bazazi, ao banaenda kuoa?"

"Mama, hii ni heshima yao."

"Heshima, ndiyo. Ule mudogo pale amefanana na ministre wa fedha."

Niliichukua kama sifa. Ningemsikiliza mama yule siku ile, habari hii ingekuwa fupi sana.

Mtoto wa mwisho mwisho alikuwa msichana wa miaka sita hivi, mwembamba, mwenye kovu lililokatiza nyusi ya kushoto katikati kama njia ya mkato. Yule dada wa shirika alinieleza habari zake pembeni. Mama yake alibaki nyuma kumuuguza bibi, akamtanguliza mtoto na jirani. Jirani alipofika huku alikaa siku chache, akakata tamaa, akarudi kwao, mtoto akabaki mikononi mwa shirika. Mama kama alivuka, hakuna aliyejua alivukia wapi. Kama hakuvuka, hakuna aliyetaka kulisema hilo kwa sauti.

Nikaongea na yule mtoto Kiha changu, yeye Kirundi chake, tukasikilizana bila shida.

"Mama anaitwa nani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yanaitwaje. "Mama."

"Ndiyo, lakini watu wengine wanamwitaje? Majirani?"

"Wanamwita mama wa mimi. Wanataja jina langu."

Nikampaka vaselini, ikamwingia jichoni, akanitukana kwa sauti ndogo, nikajifanya sikusikia. Nikamvalisha gauni. Alipojiona kwenye kioo changu cha mkononi alijigeuza huku, akajigeuza huku, akaniuliza kama gauni ni lake. Nikamwambia ni la picha. Akataka angalau aonyeshe jino jipya lililokuwa linatoka. Nikamwambia afunge mdomo, sheria ni sheria. Nikabonyeza.

Nyumbani nilikaa na picha zile siku tatu. Mke wangu ni shahidi, nilikuwa nasahau hata kula, jambo ambalo kwa mwili wangu ni muujiza. Mapunye nikafuta. Upele nikafuta. Mwenye sikio lililoungua nikamchukulia sikio la upande wa pili nikalipachika. Lile kovu la nyusi nililifuta kwa fahari ya pekee, nikaotesha nywele moja moja mpaka nyusi ikawa kama imepimwa kwa rula. Na kwa kuwa kadi ya kamera yangu ilikuwa ndogo na kompyuta imejaa harusi za watu, kila picha nilipomaliza nilihifadhi ile safi juu ya ile chafu, na kadi nikaifuta kabisa.

Zilipotoka, hata mke wangu alikubali. Alizipanga mezani, akazitazama, akasema, "Wamependeza jamani. Utadhani wana kwao." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Picha zikaenda kwenye mbao zote mbili. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu yule dada akaja studio akiwa na uso wa mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kaka, wametambuliwa wawili tu. Mmoja kwa sababu aligoma kuvaa koti, na mwingine kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama palepale ubaoni bibi yake alipopita."

"Labda wazazi hawapiti."

"Wanapita. Wanajaa. Juzi kule Nduta akina mama walikusanyika mpaka tukaita mlinzi." Akashusha pumzi. "Wanauliza ada ni shilingi ngapi na kama kuna bweni. Wanadhani ni tangazo la shule ya Kiingereza."

Kwenye kona mkasi wa mke wangu ulisimama. Kisha nikasikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka, na nilipogeuka alikuwa amejifunika kitenge usoni, mabega yanamtikisika.

Niliumia, nisiseme uongo. Nikasema hao watu hawajui picha. Nikasema kesho naenda Nduta mwenyewe nikaone kwa macho yangu. Ilikuwa mvua za mwishoni mwa mwaka, na barabara ya Kibondo ilikuwa imegeuka uji. Basi lilikuwa linakwenda ubavu mbele kama kaa. Nilifika nimebadilika rangi, magoti mpaka viatu ni udongo mwekundu mtupu, na nilipomsalimia mlinzi wa lango alinionyesha foleni ya wakimbizi wapya. Ilibidi yule dada wa shirika aje kunitoa.

Nikasimama karibu na ubao, nikijifanya mpita njia. Kweli watu walikuwa wanapita. Waliangalia, wakasifia koti, wakaenda zao. Ndipo akaja mama mmoja mrefu, amebeba ndoo ya mgao kichwani, unga chini na njegere juu yake. Aliangalia safu ya kwanza, ya pili, akaondoka. Akarudi. Akaishusha ndoo. Akasimama mbele ya picha ya yule msichana wangu, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaweka kidole juu ya nyusi ya kushoto, akasugua kidogo, kama mtu anayesugua kioo apate kuona ndani.

Nikasogea.

"Mama," nikamwambia, "unamjua huyo?"

"Hapana," akasema. "Kafanana na wangu. Kila nikija kuchukua mgao napita kumwangalia. Lakini wangu ana alama hapa, na wangu hajawahi kuwa na gauni kama hili." Akainama kuchukua ndoo. "Huyu ni mtoto wa watu wenye uwezo. Namtazama tu."

Kila akija kuchukua mgao. Alikuwa amesimama mbele ya mwanawe mara ngapi sijui, anamwangalia kwa wivu mdogo, kisha anaondoka.

"Mama, ngoja. Ile alama nimeifuta mimi."

Akaniangalia, udongo mwekundu, kamera shingoni na yote. "Umeifuta nini?"

"Kovu. Nimelifuta. Kwa kompyuta."

"Kovu la mtoto unalifuta kwa kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa nyuma, akamwambia kwa Kirundi, akidhani sitasikia, kwamba huyu mwanamume wampe maji, jua limempata. Nikamjibu kwa Kiha kwamba jua halipo, mvua inanyesha. Akacheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye picha.

Yule dada wa shirika akaja mbio. Akamkalisha, akamuuliza maswali ya fomu: mtoto umri gani, aliondoka na nani, lini. Jirani akalingana. Miaka ikalingana. Hata jina la nyumbani likalingana, ingawa kule liko kila nyumba. Lakini watoto wangapi waliondoka na majirani mwaka ule? Mama mwenyewe alikuwa hataki kukubali haraka. Niliona anavyojizuia, mikono kaikunja kwenye mapaja, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. "Mimi nilishaambiwa mara mbili kapatikana," akasema. "Mara zote mbili nikaenda, nikamkuta wa mwenzangu. Safari hii sifurahi kwa picha ya mtoto asiye na alama."

"Alama ile aliipataje?" nikauliza.

"Alikuwa anamfukuza kifaranga jikoni, akaangukia figa. Damu mpaka kwenye mboga." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Ila yeye ukimuuliza atakwambia hakuanguka. Atakwambia kifaranga alimsukuma. Mpaka leo anamlaumu kifaranga." Kisha akanyanyuka, akaweka ndoo kichwani, akanitazama kutoka juu. "Haya, baba wa kompyuta. Kama ulilifuta, nenda ukaniletee kovu langu."

Ningelitoa wapi? Ile picha chafu nilishaizika mwenyewe chini ya ile safi. Nikarudi kwenye lile basi linalotembea kama kaa. Njia nzima mpaka Nyarugusu sikutoa hotuba kwa abiria yeyote, na waliokuwa wananijua walidhani nina malaria.

Yule dada alikuwa amenionya. "Usimwambie mtoto umemwona mama yake. Hatujathibitisha. Tukikosea, tutakuwa tumempoteza mara mbili. Wewe piga picha tu, kama alivyo."

Kama alivyo! Maneno madogo hayo. Nilipofika chini ya lile turubai bila pazia na bila koti, watoto wakagoma. Wote. Walishajiona kwenye ubao, walikuwa wanatembezana kambini kuonyeshana, wengine walishaanza kuitana bwana mkubwa. Sasa eti wapigwe na nguo zao? Kijana mmoja wa miaka minane aliniambia bila koti yeye hana muda.

Yule mama Mkongomani alifurahi mpaka akashika kiuno. "Papa foto, unaona sasa? Ulibafanya ba ministre, leo unataka bajiuzulu!"

"Mama, nisaidie."

"Mi nakusaidia kucheka, papa. Ile ingine, utajua weye."

Lakini alinisaidia. Akaenda mbele yao, akawaambia kwa Kirundi chake kibovu kwamba mzee huyu macho yake yameharibika, picha nzuri zimemshinda, tumhurumie. Wakanihurumia. Wakapanga foleni. Nikawapiga na vumbi lao, vifungo vyao, masikio yao yaliyoungua, nikikaza meno kila nikibonyeza.

Wote isipokuwa mmoja. Yule msichana alikuwa amekaa kwenye jiwe, amefunika nyusi ya kushoto kwa kiganja.

"Toa mkono, mwanangu."

"Oya," akakataa kwa Kirundi chake.

"Ni picha tu."

"Unataka mama anione hivi? Mchafu?" Akanionyesha kwa mkono mwingine gauni lake la kijani lililochanika begani. "Ile nyingine nilikuwa mzuri. Mwache aone ile."

Nilichuchumaa mbele yake. Kumwambia kwamba mama yake ameshaiona ile nzuri na kuipita, siruhusiwi. Kumwambia kwamba kovu ndilo linalotafutwa, ataniuliza na nani. Mikono yangu ilikuwa inanuka vaselini ya watu wengine. Nikauliza swali pekee nililokuwa nalo.

"Alama hiyo, ulianguka?"

"Sikuanguka," akasema kwa hasira. "Kifaranga alinisukuma."

Nilishindwa kujizuia. Nikacheka, kicheko cha mtu anayekabwa, nikakigeuza kikohozi. Akanitazama. Nyuso za watoto wa umri ule ni rahisi kusoma, lakini siku ile yeye ndiye aliyekuwa anasoma wangu.

"Kwa nini unacheka?" akauliza.

"Sicheki. Nakohoa."

"Nani amekwambia habari za kifaranga?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akanitazama tena, muda mrefu. Yule mama Mkongomani nyuma yangu alikuwa ameacha kucheka. Mtoto alishusha kiganja polepole, akakiweka pajani, akainua uso kuelekea kwenye kamera, nyusi iliyokatika mbele, na mdomo wazi, na jino. Nikabonyeza mara moja tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunisumbua. Ni vumbi la kule.

Ilikuwa picha mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga. Imeinama upande, mwanga umemla shavu moja, kichwa kimekaribia kukatwa. Nikaiprinti bila kuigusa. Mke wangu aliitazama, akanitazama. Alinifungia viazi vya njiani tu.

Nduta, yule dada alitaka twende na utaratibu: picha ibandikwe ubaoni pamoja na nyingine tano, mama aitwe, achague mwenyewe, sahihi zifuate. Hadithi ya kifaranga, akanieleza kwa masikitiko, haina mahali pake kwenye fomu. Picha ikabandikwa. Mama akaja. Hakuangalia zile tano. Akaenda moja kwa moja, akaibandua na pini yake, akaishika kwa mikono miwili.

Nilingoja alie. Badala yake akaanza kugomba.

"Nywele hizi! Hakuna mtu mwenye wembe huko? Na gauni hili nilimwambia jirani alishone begani kabla hawajaondoka, nikampa na uzi!" Akamgeukia yule dada. "Anakula? Kakonda. Nani anamlaza?"

"Mama, subiri, picha inatakiwa ibaki ubaoni mpaka..."

"Ibaki ikimtafuta nani?" akasema, akaiingiza kifuani, akafunga kitenge juu yake. Yule dada akanigeukia kunitaka nimuunge mkono. Nikaangalia mawingu.

Karatasi zilichukua siku tisa, ambazo kwa hesabu yangu ni miaka mitatu. Siku gari lilipompeleka mtoto, nilipewa nafasi nyuma, kwa kisingizio cha kupiga picha ya jalada. Njia nzima alikaa ameshika kamba ya mfuko wake. Tulipofika, mama yake alikuwa amesimama kwenye matope mbele ya ofisi, na wanawake wengine nyuma yake. Mtoto hakukimbia. Alishuka kinyumenyume, mguu mmoja, mguu wa pili, akatembea mpaka pale, akasimama. Mama akapiga magoti kwenye tope, akamshika uso, akapitisha dole gumba juu ya ile nyusi, mara moja, mara ya pili, kisha akamvuta kwake na sikuona tena uso wa mtu yeyote kwa muda mrefu, ila migongo.

Kisha kichwa cha mtoto kikajitokeza begani kwa mama yake. Akanitafuta kwa macho, akaniona, akaninyooshea kidole.

"Mama," akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni ya mgao, "yule pale alinipaka mafuta jichoni!"

Mama akageuka. "Ehee?"

"Akanivalisha gauni, halafu akaninyang'anya!"

"Ehee."

"Na jino langu akalikataza! Halafu akanipiga picha mchafu, nikamwambia sitaki!"

Miezi yote ile hakuwa na mtu wa kumshitakia. Alikuwa ameyaweka yote, na sasa anayamwaga moja baada ya jingine, hana haraka, na mama yake anaitikia kila moja kwa uzito wa hakimu, mkono ukiwa mgongoni mwake. Yule dada wa shirika aligeukia ukuta. Nilisimama kwenye tope na kamera yangu, nikasomewa mashitaka yote mpaka mwisho.

"Ni kweli, baba?" mama akaniuliza.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Yote."

Mtoto akaridhika. Akafuta kamasi kwenye kitenge cha mama yake, akauliza kama kuna chakula.